Neno "Bomba" na Miaka Thelathini na Minne ya Mama Koki

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mkuu wa Chumba cha Shinikizo katika maabara yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi. Orodha ya watumishi inamtambua kwa jina lake kamili. Sisi wengine, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkurugenzi, tunamwita Mama Koki. Vifaa vyote vilivyokuwa chini yake vimekabidhiwa bila upungufu. Kilichobaki hadi juzi Jumatano kilikuwa mstari mmoja wa fomu ya makabidhiano, ule unaouliza kazi zisizokamilika, na mstari huo ulizua mvutano wa siku tatu ambao baadhi yenu mliusikia kupitia ukutani. Kamati ya hafla iliomba wasifu mfupi na mchangamfu. Nimejitahidi upande wa uchangamfu. Lakini mstari ule hauwezi kuelezwa bila kuieleza kazi iliyouzaa, kwa hiyo ufupi umenishinda.

Alianza kwenye dirisha la mapokezi ya sampuli, akiwa na kitabu cha kumbukumbu, gundi na rundo la lebo. Kazi yake ilikuwa kupokea kila kifaa cha maji kinachotafuta alama yetu ya ubora: paipu, viungo, valvu, koki, vichwa vya bafu. Wanaomkumbuka enzi hizo wanasema hakuwahi kupokea sampuli bila kuinusa. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba kifaa kilichopakwa mafuta siku moja kabla ya kuletwa maabara ni sawa na mtoto aliyeogeshwa haraka kwa sababu wageni wamefika: safi, lakini bado hujamjua. Wakaguzi wetu siku hizi hawaruhusiwi kupima sampuli iliyochaguliwa na mwombaji. Lazima waichukue dukani, tena kutoka nyuma ya rafu. Sijapata waraka unaoonyesha ni nani aliyeanzisha utaratibu huo, ila kila ninayemuuliza hugeuza shingo kuelekea Chumba cha Shinikizo.

Baada ya miaka sita alihamia chumba hicho. Asiyewahi kuingia ajue kwamba kuna meza ndefu ya chuma yenye majiliwa matatu ya kubania vifaa, geji nane ukutani, sinki lisilokauka, na ile mashine inayofungua na kufunga koki mara laki mbili ili kuona kama mpira wake wa ndani utachoka. Mashine hiyo hupiga kelele ya taratibu isiyokoma, na yeye ndiye aliyeibatiza Mpiga Makofi. Wageni wa mafunzo walipolalamika kwamba inawaumiza kichwa, aliwaambia wafurahi, kwani ofisi nzima hakuna mwingine atakayewapigia makofi siku kumi mfululizo. Akiwa mezani kwake, huku amegeuza mgongo, aliweza kusema koki ya tatu kutoka kushoto imeanza kulegea. Tulimjaribu mara kadhaa. Alikosea mara moja, na siku hiyo alikuwa na mafua.

Mwaka wa kumi na moja alipanda hadi Meza ya Ithibati, mahali ambapo leseni za kutumia alama huandikwa. Huko ndiko lilikotokea jambo ambalo wafanyakazi wapya hulisikia vipande vipande na kwa chumvi nyingi. Nimesoma jalada lake mara mbili ili nilieleze bila chumvi.

Kiwanda kidogo kilileta maombi ya bidhaa mbili kwa pamoja: paipu za plastiki za nusu inchi na koki za shaba za nusu inchi. Paipu zilifaulu vipimo vyote. Koki zilikuwa bado kwenye jaribio la kulowekwa, ambalo huchukua siku kumi na tisa: koki hujazwa maji, huzibwa, maji hubadilishwa, kisha ya siku za mwisho hupimwa kuona kama madini ya risasi yametoka ndani ya shaba. Mwombaji alikuwa na haraka, nasi tulikuwa na mlimbikizo wa kazi. Mama Koki aliandika leseni ya zile paipu peke yake, akaipiga mhuri, akaituma. Sentensi ya ukurasa wa kwanza ilisema kwamba kiwanda kimeruhusiwa kuweka alama ya ubora kwenye "mabomba ya nusu inchi". Namba ya kiwango husika, ambayo ingeondoa utata wote, ilikuwa ukurasa wa pili.

Nyumbani kwao, bomba lilikuwa kile kitu kirefu kinachopitisha maji ukutani. Maji yalipotoka, yalitoka kwenye koki. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna nyumba ambamo bomba ndilo hilohilo unalolifungua ili unawe uso, ingawa nusu ya watu tunaofanya nao kazi huzungumza hivyo, na yeye mwenyewe alikuwa akiwasikia kila siku. Sote hubeba maana ya nyumbani kwetu tukidhani ndiyo maana ya dunia. Yeye aliibeba hadi kwenye hati rasmi.

Miezi minne baadaye, alipoingia dukani kununua washa, ule mpira mdogo wa kuzuia kuvuja, ya sinki la nyumbani, aliona kwenye rafu koki ya shaba yenye vishikio viwili mfano wa mabawa ya kipepeo. Shingoni mwake mlikuwa na alama yetu, imegongwa upande kidogo. Alijua hakuisaini. Aliondoka na koki hiyo mkononi, akasahau washa, na kesho yake asubuhi akaenda kiwandani na dereva wa ofisi, akiwa amejaa hasira za mtu anayekwenda kumshika mghushi.

Yaliyotokea huko yameandikwa jaladani kwa mkono wake, nami nimeyasikia pia kutoka kwa dereva, ambaye hayapunguzi. Mwenye kiwanda, mzee mfupi aliyebandika miwani ya kuchomelea juu ya kichwa kama kofia, hakukasirika wala hakutetemeka. Alimshika mkono hadi ukutani, ambako ukurasa wa kwanza wa leseni ulikuwa umetiwa kwenye fremu ya kioo.

"Binti yangu, shule niliishia njiani, lakini kusoma najua," alisema. "Hapa pameandikwa nini?"

"Mabomba."

"Na hicho ulichoshika mkononi ni nini?"

Dereva, aliyekuwa amesimama mlangoni na ambaye hakuna aliyemuuliza, ndiye aliyejibu: "Si bomba hilo?"

Koki zilipimwa upya. Maji yaliyolala ndani yake yalikuwa na madini ya risasi mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa. Zilikuwa zimetengenezwa koki mia sita na arobaini. Hatujui kama kuna mtu aliyedhurika, na ni lazima niseme kwamba hatujui kwa sababu hakuna aliyepimwa. Tunachojua ni kwamba watu walifungua koki, wakaona alama yetu, wakaujaza mtungi na kunywa bila wasiwasi. Kuwaondolea watu wasiwasi ndiyo kazi pekee ya alama ile, na safari hii ilikuwa imewaondolea wasiwasi waliostahili kuwa nao.

Mkurugenzi wa wakati huo aliandaa tangazo kwamba kiwanda kilitumia alama kinyume cha leseni. Lilikuwa tangazo lililoandikwa vizuri. Lingefunga mlango wa kiwanda na kuiacha ofisi ikiwa safi, lakini lilihitaji saini ya afisa aliyetoa leseni. "Wewe weka saini tu, bibie, mengine niachie mimi," inasemekana aliambiwa. Hakuweka. Badala yake aliambatisha karatasi yenye sentensi tatu: "Aliyeandika mabomba ni mimi. Nilimaanisha paipu. Msomaji hakuwa na njia ya kujua nilichomaanisha."

Wapo wanaoliona tendo hilo kuwa la kishujaa, na wapo wanaosema mpaka leo, kwenye foleni ya chai, kwamba alijitafutia sifa, kwa kuwa mwenye kiwanda alijua fika kwamba majibu ya jaribio la koki hayajatoka. Mimi nilipoanza kuandika makala haya nilikuwa kundi la kwanza. Nilipofika katikati ya jalada nilielekea la pili, kwani kuna barua ambamo mzee yule anaulizia majibu ya koki wiki mbili baada ya kupokea leseni. Mtu anayeulizia majibu huenda anajua hana ruhusa. Au huenda anauliza tu, kama mtu aliyepata anachotaka na bado anapenda kuambiwa alikuwa sahihi. Nimeiacha barua ile ilivyo. Sentensi zile tatu zinabaki kuwa kweli kwa vyovyote.

Adhabu yake ilikuwa kurudishwa kwenye dirisha la mapokezi kwa miaka miwili, kwenye gundi na lebo zilezile. Ofisi iliita koki zote zirudi. Mia nne na kumi na mbili zilikuwa bado madukani na stoo, zikarudi ndani ya mwezi mmoja. Mia mbili ishirini na nane zilikuwa majumbani mwa watu. Hizo alizifuata yeye, na mwenzake alikuwa fundi aliyezifunga nyingi kati ya hizo na aliyezikumbuka nyumba kwa rangi za milango. Walikwenda kila Jumamosi, wakibisha hodi, wakichuchumaa chini ya sinki, wakibadilisha koki ya zamani kwa mpya iliyofaulu vipimo. Iliyotolewa ilibanwa kwenye jiliwa na kukatwa shingo kwa msumeno wa chuma, isije ikapata mnunuzi wa pili.

Ni fundi huyo aliyempa jina analotumia hadi leo. Baada ya lile jambo, mama huyu hakuvumilia tena neno "bomba" mbele yake. Kila aliyelitamka aliulizwa anamaanisha nini, paipu au koki, na wengi walijifunza kujibu "koki, mama, koki" kabla ya kuulizwa. Fundi mwenyewe alikataa kurekebishwa. "Dada, mimi ni fundi bomba," alimwambia. "Ukinifanya fundi koki, hizo paipu zitatengenezwa na nani?" Katika faharasa ya maneno ya ofisi ameachiwa cheo chake kama kilivyo.

Miaka mitatu baadaye, koki mia moja tisini na moja kati ya zile za majumbani zilikuwa zimepatikana, na jalada lilifungwa. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Hakuna ofisi inayoweza kutafuta milele, na vyombo vingi vya viwango vingejivunia hesabu kama ile. Zilibaki thelathini na saba. Yeye aliendelea kuzitafuta kwa Jumamosi zake mwenyewe, kwa daftari lenye jalada la plastiki, bila kumlaumu aliyepumzika.

Mumewe, ambaye ni seremala na mcheshi kuliko taaluma yake inavyodai, husema alioa mwanamke mmoja na masinki ya mji mzima. Anasimulia siku walipokwenda kujitambulisha kwa wakwe wa binti yao. Wenyeji walikuwa bado wanakaribisha watu viti pale Mama Koki, mama mkwe mtarajiwa, alipoomba kunawa mikono, akaingia jikoni, na asitoke. Alikutwa amepiga magoti chini ya sinki na kurunzi mdomoni. Baba mwenye nyumba aliuliza kwa unyenyekevu wa mtu anayeona ndoa ikimponyoka: "Mkwe, kwani kuna kasoro?" Akajibiwa: "Kwenye nyumba hakuna, mkwe wangu. Kwenye koki ndiyo ipo." Ndoa ilifungwa, koki ikafunguliwa, na katika daftari zikabaki ishirini na tisa.

Ingekuwa dhuluma kumkumbuka kwa kosa na toba peke yake. Aliporudi Chumba cha Shinikizo alikiongoza kwa miaka kumi na minne. Chini yake muda wa kungojea vipimo ulipungua kutoka wiki tisa hadi nne, bila kuzikata zile siku kumi na tisa hata kwa saa moja, ingawa waombaji wenye vyeo walimwomba mara nyingi na kwa sauti mbalimbali. Alifundisha wapimaji ishirini na mmoja, nami ni mmojawao. Alinifundisha kwamba geji ikisema kitu nisichokitarajia, niishuku geji, kisha nijishuku mwenyewe, kisha ndipo niishuku koki. Ni yeye pia aliyebuni leseni tunayoitumia sasa, ambayo kando ya jina la bidhaa ina mchoro wake. Maafisa walipoiona mara ya kwanza walicheka kwamba tumeanza kutoa vitabu vya chekechea. Tangu mchoro uingie, hakuna leseni yetu hata moja iliyosomwa kwa namna mbili. Angalau hakuna tunayoijua.

Ucheshi wake haujapungua. Kamati ya hafla ilishachapisha bango la kumuaga lenye maneno "Umefanya Kazi Bomba!" kabla mtu hajashtuka. Lilipoonyeshwa kwake kwa hofu, aliuliza kwa sura ya mkaguzi: "Bomba gani, la kupitisha au la kutoa?" Bango litatundikwa. Ameomba tu lichorwe picha pembeni.

Sasa nirudi kwenye ule mstari. Fomu ya makabidhiano ina mistari mitano, na wa nne huuliza kazi zisizokamilika na jina la atakayezipokea. Mama Koki aliandika: "Koki 11." Afisa Utumishi alimrudishia fomu siku hiyohiyo, kwa adabu zote, akimweleza kwamba kazi hiyo kiofisi haipo, kwa hiyo haiwezi kukabidhiwa, na kwamba fomu isiyo sahihi itazuia cheti chake cha utumishi. Alimshauri aandike "Hakuna", kama waandikavyo wengine wote.

"Mama yangu, jalada lilishafungwa," alimwambia.

"Jalada limefungwa, mwanangu," alijibu. "Koki zinafunguliwa kila asubuhi."

Siku ya pili fomu ilirudi ikiwa na maneno yaleyale. Siku ya tatu vivyo hivyo, safari hii kwa wino mzito. Nilimwendea mezani kwake nikiwa na hoja zangu. Nilimwambia kwamba shaba ya umri huo huenda imeshaitoa risasi yote iliyokuwa nayo. Kwamba nyumba nyingine zimebomolewa. Kwamba kumi na moja katika mia sita na arobaini ni chini ya asilimia mbili. Alisikiliza hadi mwisho, na alikubali kwamba yote yawezekana. Kisha akaniuliza kama ningeiandika hiyo "huenda" kwenye leseni.

Sijui mpaka sasa kama alikuwa sahihi. Ofisi ikikataa kufunga jalada lolote, itashindwa kufungua mapya, na nadhani Afisa Utumishi alikuwa akilinda jambo la maana kuliko tulivyomtania. Ila nimegundua kwamba fomu ile haikuwa ikimuuliza mstaafu kama kazi itamalizika. Ilikuwa ikiuliza nani anaipokea, na swali hilo halikuwa lake kulijibu. Alikuwa amekaa siku tatu akingoja mmoja wetu alijibu.

Jumanne jioni niliandika ombi la kulifungua tena jalada. Jumatano asubuhi Mkurugenzi aliandika pembeni neno moja, "Lifunguliwe", na kwenye nafasi ya mpokeaji sasa kuna saini yangu. Afisa Utumishi aliipokea fomu, akaikagua mistari yote, akasema ni fomu ya kwanza tangu aajiriwe ambayo mstari wa nne umejazwa kazi na jina. Cheti kiko tayari.

Mama Koki, kwa niaba ya Chumba cha Shinikizo, Meza ya Ithibati, dirisha la mapokezi na Mpiga Makofi, pokea shukrani zetu kwa miaka thelathini na minne ambayo watu wasiokujua wamefungua maji bila kukufikiria. Tunakutakia maisha marefu yenye afya, mume anayeendelea kutania, na Jumamosi zilizo zako mwenyewe.

Kwa wasomaji wengine: koki inayotafutwa ni ya shaba, ya nusu inchi, ina vishikio viwili mfano wa kipepeo, na alama yetu imegongwa shingoni upande kidogo. Ukifika nyumbani leo, inama uangalie. Daftari liko mezani kwangu. Ukurasa wa mwisho ameandika kwamba tuanze na mitaa ya nyuma ya soko, kwa sababu wapangaji wa huko wakihama huhama na koki zao. Kesho Jumamosi, saa tatu asubuhi, fundi na mimi tutaanzia huko. Mama Koki tumemwomba asije. Amesema atajitahidi.